Muulize Shangazi wa Manukato: Udi wa chupa na udi wa chetezo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara wa asali na nta hapa Tabora, nakaa Cheyo. Kwa muda mrefu nilitamani pafyumu moja ya udi, zile za kampuni ndogo za kifahari zisizotangazwa kwenye televisheni. Mtandaoni wanaisifu sana: udi, waridi, zafarani na ngozi. Madukani Tabora haipo, na hata Dar es Salaam sikupata mahali pa kuinusa. Nikamwagiza jamaa aliyekuwa akienda Dubai, akaninunulia chupa ya mililita 70, ikanigharimu zaidi ya laki nane, ikaja kwa basi. Siku ya kwanza nilijipulizia shingoni na kifuani. Harufu niliyoipata ni ya plasta ya hospitali na ngozi mbichi ya mbuzi. Mke wangu akasema ninanuka zizi, akafungua madirisha. Lakini jioni nilipovua kanzu nikanusa kola, nikakuta harufu nyingine kabisa: mti mtamu na waridi kavu. Kesho yake mke wangu mwenyewe akaishika ile kanzu, akaniuliza nimeifukiza kwa kitu gani. Marehemu bibi yangu alikuwa akifukiza udi kila Alhamisi jioni, na ile ndiyo harufu niliyoitarajia. Je, nimeuziwa bandia? Au pua yangu haijui vitu vya bei? Niiuze au niivumilie?*
*M.S., Cheyo, Tabora*

Marahaba mwanangu. Nianze na linalokuuma zaidi. Kwa ulivyoieleza, sioni dalili ya bandia. Anayeghushi pafyumu huhangaikia dakika za mwanzo, maana ndipo mnunuzi anaponusa na kutoa pesa. Baada ya hapo mara nyingi hubaki utamu wa aina moja, au hakibaki kitu. Yako imekwenda kinyume. Imekuchukiza mwanzo, ikabadilika mchana kutwa, ikalala kwenye kola mpaka asubuhi. Hata hivyo hakikisha. Geuza boksi utazame namba ya toleo iliyopigwa chini, kisha geuza chupa. Namba hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Bonyeza kichwa cha chupa mara moja hewani: kitoke kiukungu chembamba, yasitoke matone. Yakiwa sawa hayo, achana na hofu ya kutapeliwa, tuuzungumze udi wenyewe.

Bibi yako alikuwa anachoma, na wewe umejipaka. Mashaka yako yote yameanzia hapo.

Udi ambao wengi wetu tumekua nao, hapa Tabora, Ujiji na pwani yote, ni udi wa kupika. Mpishi huchemsha sukari, akatia unga wa sandali, miski, ambari, marashi ya waridi, na kama ana uwezo, vipande vya mti wa udi. Ukiutia kwenye makaa sukari inayeyuka, inaungua polepole na kubeba harufu zote zilizomo. Kwa hiyo ule utamu wa Alhamisi jioni unaoukumbuka, sehemu yake kubwa ni sukari iliyoungua, sandali na miski. Sikuambii hivyo ili kuushusha udi wa bibi yako. Kupika udi ni kazi ya ustadi mkubwa, nami naiheshimu kuliko chupa nyingi za dukani. Nataka tu ujue kwamba ulimwengu wa chupa yako ni mwingine, na ukiendelea kumtafuta bibi humo hutampata, na chupa yenyewe hutaijua.

Mti wa udi kwao ni Asia: Assam kule India, Bangladesh, Thailand, Cambodia, Vietnam, Malaysia, visiwa vya Indonesia. Wataalamu wa mimea wanauita Aquilaria. Ukiwa mzima mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina harufu ya maana. Ukijeruhiwa, ama na wadudu ama na tawi kuvunjika, kuvu huingia kwenye jeraha, na mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi mzito unaojaa ndani ya mbao. Mbao hiyo iliyojaa utomvu ndiyo udi. Si kila mti unaougua, na kwa macho huwezi kujua upi umeugua, ndiyo maana misitu ilikatwa ovyo mpaka mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini ukaiweka spishi moja, Aquilaria malaccensis, chini ya udhibiti mwaka 1995. Mwaka 2004 ikakubaliwa kwamba jamii nzima ya miti hiyo idhibitiwe. Siku hizi mingi inapandwa mashambani, inatobolewa na kutiwa kuvu makusudi.

Kuna njia mbili za kuitoa harufu yake. Moja ni makaa, na ukichoma kipande kizuri utomvu hupanda kwa moshi laini na mtamu. Ya pili ni kukeneka mafuta, tunayoyaita haludi au dihani. Hapo mbao husagwa, huloekwa kwenye maji kwa wiki kadhaa, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Katika kuloekwa huko mbao huchachuka. Mafuta ya mtindo wa Kihindi, ya Assam hasa, ndiyo yenye uchachu mkali kuliko mengine: zizi, ngozi mbichi, moshi. Ya Cambodia huelekea kwenye utamu wa matunda yaliyoiva. Ya Malaysia na Indonesia mara nyingi ni makavu, yenye ubaridi fulani wa mti. Waarabu wa Ghuba walipenda ule wa Kihindi kwa vizazi na vizazi, na watunzi wa pafyumu wa Ulaya walipoanza kuuiga udi, wengi waliiga hiyo harufu ya mnyama.

Kwa hiyo mke wako alinusa vizuri kabisa. Ametaja kitu kilichokusudiwa kuwemo. Na usidhani ni jambo geni kwa manukato. Asmini tunazowavalisha maharusi zina indoli, kemikali ileile inayopatikana kwenye kinyesi. Ikiwa kidogo ndiyo inayolipa ua lile uzito wa usiku, ikizidi inakera. Kwenye asali unayouza kila siku imo asidi ya fenilasetiki. Kidogo chake kinanuka asali tamu, kingi chake kinanuka mkojo wa mnyama. Watunzi wa pafyumu wanaitumia kwa kuipima sana. Vitu vingi vinavyopendeza puani vimesimama karibu na vinavyochukiza, na udi ndio uliosimama karibu kuliko vyote.

Halafu kuna ile plasta. Pafyumu nyingi zinazoandikwa udi, hata za bei kali, zina mafuta halisi ya udi kidogo tu, au hazina kabisa. Mtunzi huijenga harufu hiyo kwa vitu vingine: pachuli, harufu ya ngozi, zafarani, harufu za mbao zilizoundwa maabara, na mara nyingi mafuta ya mizizi ya Cyperus, jamaa wa ndago hizihizi zinazotusumbua kwenye mahindi. Mchanganyiko huo mwanzoni hunuka kidawadawa, na watu wengi huuita harufu ya plasta. Sioni kwamba ni udanganyifu, maana pafyumu ni utungaji, wala kilo ya udi halisi haiwezi kugawanywa kwa dunia nzima. Pia kumbuka Wazungu wameuingia udi juzi tu. Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, ilitungwa na Alberto Morillas na Jacques Cavallier, na Oud Wood ya Tom Ford ikafuata mwaka 2007. Baada ya hapo kila kampuni ya pafyumu ikataka udi wake. Sisi tulikuwa na chetezo zamani sana, zilizokuja na watu wa pwani na Waomani waliofuata njia ya misafara mpaka Kazeh, yaani Tabora ya leo, na Ujiji. Msomaji wa Tabora asijione mshamba mbele ya chupa ya udi.

Sasa namna ya kuijua. Wewe hununui ndoo ya mrina asali kwa kulamba povu la juu. Unachovya kijiti mpaka chini ndipo unaonja. Pafyumu ya udi inataka hivyohivyo, na chini yake hupafikii kabla ya kupita muda wa saa tatu au nne.

Acha kabisa shingo na kifua kwa sasa. Ukijipulizia hapo harufu inakaa chini ya pua yako kutwa nzima, na pua ikishambuliwa muda mrefu inachoka na kuacha kusikia. Ukioga asubuhi kwa sabuni isiyonukia, bonyeza mara moja tu, upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Usiifanye kazi hiyo ghalani, maana nta na moshi wa mizinga vitakudanganya. Robo saa ya mwanzo usitoe hukumu yoyote; hapo spiriti inaruka na vitu vyepesi vinakimbia. Nusa tena baada ya saa moja, kisha adhuhuri, kisha magharibi. Andika kwenye daftari unachokipata, na uandike kwa harufu unazozijua. Wanaoisifu mtandaoni wanataja vitu ambavyo wewe hujawahi kuvigusa. Wewe una tumbaku iliyotoka kwenye bani, banda la kuikaushia, kule Urambo, una vumbi la mninga kwa mafundi seremala, una sega jipya, una ngozi iliyoanikwa. Mtu aliyekulia Tabora ana maktaba kubwa ya harufu za mti, moshi na utamu, na udi unaongea lugha hiyohiyo. Nina hakika ukifika adhuhuri utakuta tumbaku au mninga humo ndani, na ukishakiona kitu kimoja unachokijua, vingine hujitokeza vyenyewe.

Angalia na majira. Hujaniambia umeifungua mwezi gani, lakini barua yako imenifikia Oktoba, mwezi wa joto kuliko yote hapa kwetu. Joto huinyanyua pafyumu kutoka kwenye ngozi kwa nguvu, na udi mzito kwenye jua la Oktoba unakuwa kelele. Ninayo chupa yangu ya udi na ngozi ambayo Juni na Julai, asubuhi za baridi kabla jua halijapanda, naivaa kwa raha mno, Oktoba siigusi. Mvua zikianza Novemba hewa inapata unyevu, vumbi linatulia, na harufu ya mti inatulia nayo. Wale unaowasikiliza mtandaoni wakisema wanajipulizia mara sita mpaka nane, wengi wao wako kwenye nchi za baridi, ndani ya makoti. Kipimo chao si chetu. Kwa Tabora, udi wa namna hiyo bonyezo moja linatosha, mawili ukienda harusini usiku.

Kanzu yako imeshakuonyesha njia nyingine, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Nguo haina joto wala jasho la ngozi, kwa hiyo ukali wa mwanzo unapita ukiwa umetundika nguo chumbani, na kinachobaki ni mti na waridi. Pulizia usiku kwa upande wa ndani wa pindo, chupa ikiwa mbali kiasi cha mkono, kisha uitundike penye hewa. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe usichokijali, maana pafyumu nyingi za udi ni za rangi nzito na zinaacha doa lisilotoka. Kama kanzu hiyo ni ya kuswalia na una shaka kuhusu spiriti, muulize shehe wako. Mimi najibu upande wa harufu.

Usipoisikia tena mwenyewe, usidhani imekwisha ukaongeza. Pua yako imeizoea. Tena zile harufu za mbao za maabara zina chembe kubwa ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa, na waliokaa nao wanazisikia mpaka nje ya mlango. Uliza mtu mwingine, na mtu wa kwanza ni mke wako. Neno lake nalipa uzito mkubwa, kwa sababu pafyumu ya mume inakaa kwenye mito, kwenye shuka, kwenye nguo za watoto wanapobebwa. Usimlazimishe kuizoea, wala usimwambie bei yake kama hoja. Mpe kanzu iliyolala, maana hiyo ameshaipenda kabla hajajua ni nini. Ile ya kwenye ngozi ivae ukiwa unatoka.

Umeuliza uivumilie. Hapana, manukato hayavumiliwi. Lakini harufu ngeni na harufu unayoichukia ni vitu viwili, na mwili unajua tofauti yake. Ukijikuta unaurudia mkono wako kuunusa bila kutumwa, hata kama bado hujui kama unaipenda, hiyo ni ngeni, ipe muda. Ukiumwa kichwa, ukiona kichefuchefu, au ngozi ikiwasha, acha. Ipe mpaka mvua zikolee. Ikishindikana, iuze mapema chupa ikiwa imejaa na boksi lake lipo, au igawe kwenye vichupa vya mililita 10 uwauzie wanaotaka kuijaribu. Laki nane imeshatoka. Kuivaa kwa kinyongo hakutairudisha. Wakati unasubiri, itoe dirishani, iweke ndani ya boksi lake kwenye kabati la chumba chenye ubaridi. Utasikia watu wakisema ifungie miezi kadhaa ndipo itaiva. Kwa maoni yangu, katika miezi hiyo kinachoiva zaidi ni pua ya mwenye chupa, na pua haiivi kwa kufungia chupa kabatini.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mume wangu amerudi safari na chupa ya pafyumu ya udi ya gharama, kaichagua mwenyewe bila kujua kama nitaipenda. Nimezoea kufukiza nguo kwa chetezo na kujipaka haludi nyuma ya masikio. Nivae vyote vitatu pamoja? Shoga yangu anasema nijipulizie nikiwa nimesimama juu ya chetezo ili moshi uishike. Pia tunafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi, na harufu yake inashika nguo. Je, udi huu utaifunika?*
*Mama A., Ujiji, Kigoma*

Waaleikum salaam mama. La shoga yako nalijibu kwanza kwa sababu ni la hatari: usipulizie kamwe pafyumu karibu na chetezo. Ndani yake ni spiriti kwa sehemu kubwa, na ukungu wake unashika moto kwenye makaa kwa kufumba na kufumbua. Ukiwa umesimama juu ya chetezo na kanga imening'inia, madhara yake ni makubwa. Fukiza kwanza, ondoa chetezo chumbani, ngoja nguo ipoe kabisa, ndipo ufungue chupa.

Vyote vitatu kwa pamoja siungi mkono, angalau kwa sasa. Chupa hujaijua bado. Ukiifunga kati ya moshi na haludi hutajua kipi kinasema nini, na kitu kizuri kinaweza kulaumiwa kwa makosa ya mwenzake. Jipe siku chache za kuivaa peke yake, bonyezo moja mkononi kama nilivyomwambia M.S. hapo juu. Ukishajua inaelekea wapi ikikauka, ndipo uichagulie mwenzi. Ikiwa inaishia kwenye waridi na utamu, udi wako wa kupika utaipokea vizuri. Ikiwa inaishia kwenye ngozi na moshi, ifukizie ubani mtupu kidogo, usiongeze utamu juu yake. Haludi mimi ningeibakiza nyuma ya masikio na chupa ningeipeleka kwenye nguo, zisikae mahali pamoja. Usisugue mafuta juu ya mahali ulipopulizia.

Kuhusu dagaa, udi hauwezi, na tafadhali usiujaribu. Harufu ya samaki na udi wenye unyama ndani yake zikikutana zinasaidiana, na matokeo yake ni mabaya kuliko kila moja peke yake. Tenga nguo za Kibirizi, zisiingie kabati moja na za kutokea. Maji ya ndimu au siki kwenye suuza ya kwanza yanasaidia sana, kisha jua na upepo wa ziwa. Nywele nazo hushika, kwa hiyo funga kilemba ukiwa kazini. Harufu ya dagaa ikishaondoka kabisa, hata ubani mdogo unatosha kukupendezesha. Na mume wako mwambie siku gani umeivaa, umsikie anasema nini ukipita. Aliyekuchagulia bila kunusa anastahili kujua alichokiokota.

*Shangazi shikamoo. Mimi kijana wa Nzega. Nimeanza kazi karibuni, nataka nijinunulie pafyumu moja ya udi ya maana, lakini huku hakuna pa kunusa. Ninunue tu kwa kusoma maelezo?*
*J., Nzega*

Marahaba. Usinunue chupa nzima. Wauzaji wengi wa pafyumu za kifahari huuza vichupa vidogo vya mililita 1 au 2, na wapo Watanzania wanaozigawa chupa zao kubwa. Mililita 2 zinakutosha kuivaa siku kadhaa, asubuhi na usiku, na hilo halipatikani kwenye maelezo ya mtu yeyote. Muulize muuzaji kama chupa kubwa anayo mkononi, akupigie picha ya namba ya toleo.

Kabla ya hapo, nenda kwa muuza mafuta wa karibu, ukifika Tabora mjini wapo, umwombe robo tola ya haludi, mililita 3 hivi. Mwambie waziwazi unataka inayonuka mti na ngozi, si ile tamu. Usitarajie udi halisi kwa bei ya robo tola ya kawaida, nyingi ni za kutungwa, lakini zinakupa alfabeti. Paka tone moja, kaa nalo kutwa. Ukigundua kwamba upande wa zizi na ngozi unakukera kila mara, umeokoa laki kadhaa: tafuta udi uliofungwa na waridi, vanila au sandali, nao upo mwingi. Ukigundua unaupenda, niandikie tena, unitajie na kiasi ulichonacho, nikuelekeze chupa mbili tatu za kuanza nazo.